Tundu la Katikati ya Tangi

Nimeishi ukuta mmoja na Sisimizi kwa miaka kumi na mmoja, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Huanza amekaa. Kisha husikia kitu, bomba linadondoka, bawaba inalia, feni ya mtu imebadilisha sauti, naye huinuka na kikombe mkononi. Kikombe hukutwa baadaye juu ya ukuta, au ndani ya sanduku lake la spana. Jina hilo alipewa hospitalini, anakofanya kazi ya fundi wa boila, ile mitambo ya kuchemshia maji. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alilipokea kwa mikono miwili. "Niliposwa na mtu," husema, "nikaletewa sisimizi."

Haya ninayoyasimulia yalitokea ndani ya wiki mbili na siku chache. Mengine niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia mwenyewe, akitembea.

Yalianza na dada yake mkubwa. Mama huyo alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka ishirini na sita, na mpaka leo watu wazima wenye wajukuu humwita Matroni. Mwaka huo kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Miezi minne baadaye alikuwa anatembea kwa fimbo na ulimi wake ulikuwa mkali kama zamani, lakini mguu wa kushoto, kuanzia nyonga kushuka chini, ulikuwa hauhisi kitu. Daktari aliuchoma kwa sindano, akaugusisha barafu, akauliza, "Unasikia?" Matroni akajibu, "Nakusikia wewe. Mguu siusikii."

Alikuwa akiishi peke yake ghorofa ya tatu, maji ya kubebewa. Daktari akasema hapana, asiishi peke yake tena. Sisimizi na mkewe wakampigia simu aje kwao, chumba kipo. Alikubali kwa sharti moja tu.

"Nitaoga mwenyewe," alisema.

"Wifi, mimi nipo, nitakuogesha," mke wa Sisimizi akamwambia. "Aibu ya nini baina yetu? Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa watatu, wifi yangu. Sasa niacheni niufiche."

Wakacheka wote wawili, lakini Matroni hakuwa anatania. Alieleza vizuri kabisa, kama mtu anayesoma kanuni za bweni. Siku mtu mwingine atakapomshikia sabuni, siku hiyo hiyo atafunga mzigo arudi ghorofani kwake, na atakayeanguka ngazini aanguke. Angefika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Sisimizi alikata simu, akaenda bafuni kwake, akasimama akaitazama shawa.

Kinyozi hajinyoi. Hospitalini mtu huyu alikuwa anatunza maji moto ya wodi sita na chumba cha kufulia. Nyumbani kwake palikuwa na shawa ya umeme, ile yenye kichwa cha plastiki kinachopasha maji papo hapo, na ilikuwa inapiga shoti. Si shoti ya kuua, ni ile ya kukukumbusha madeni ya dhambi zako. Wenyewe walishaizoea. Waliingia na ndala za mpira, na koki waliifungua kwa mwiko wa mbao uliotundikwa ukutani, ambao kila mgeni aliuliza umefuata nini bafuni. Maji nayo yalikuwa na masharti. Ukiyataka ya moto, fungua kidogo, yatoke kama machozi ya mtu anayejilazimisha kulia. Ukiyataka mengi, yawe baridi.

Sasa mweke hapo mama wa miaka sitini na nane, amekaa kwenye kiti, fimbo ya chuma pembeni, mguu mmoja hauna habari.

"Inatoka," Sisimizi akamwambia mkewe.

"Miaka tisa nimekuomba."

"Inatoka leo."

"Kumbe dawa ilikuwa wifi kuugua," mkewe akasema, akarudi kwenye cherehani.

Alichotaka kufunga ni shawa ya pampu. Dukani kwa muuza vifaa lilikuwepo sanduku moja jeupe, la kubandikwa ukutani, pampu ikiwa ndani yake. Nilikwenda naye kwa sababu nami nilihitaji misumari.

"Hii haipashi maji," muuza vifaa akamwambia. "Maji moto unayaleta wewe, baridi unayaleta wewe. Yenyewe inachanganya na kusukuma."

"Najua."

"Na usiifunge kwenye bomba la mtaani moja kwa moja. Ivute kutoka tangini."

"Najua."

"Kama unajua kila kitu, pita huku uuze wewe, mimi nikapumzike." Akafuta vumbi kwenye boksi. "Ipo nyingine nzuri zaidi, maji yakizidi moto inajikata yenyewe. Lakini ni ya kuagiza. Wiki sita."

"Mgeni wangu anafika Jumamosi ijayo."

"Basi mgeni wako ataoga na hii."

Kazi yenyewe aliifanya jioni, akitoka kazini, na aliifanya vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata. Shawa ya zamani ilikuwa na waya mnene kama kidole, na swichi yake kubwa kwenye boksi la umeme. Fundi mvivu angeunganisha pampu kwenye waya ule ule. Yeye aliukata kuanzia kwenye boksi, akauondoa wote, akavuta waya mwembamba wenye fyuzi yake ndogo, na swichi akaiweka nje ya bafu, ukutani kwenye ujia, ili asiyelowa ndiye awashe na kuzima. Maji moto yalikuwepo tayari. Miaka miwili nyuma alikuwa amefunga pipa la lita mia na hamsini kwenye stoo, kwa ajili ya jikoni. Akaongeza bomba kutoka pale mpaka bafuni, akalizungushia utepe mwekundu. Lililobaki lilikuwa bomba la baridi, lenye utepe wa bluu, na hilo lilitakiwa litoke moja kwa moja kwenye tangi.

Tangi la lita elfu liko juu ya mnara wa vyuma, nyuma ya jiko lao. Mtaani kwetu maji huja Jumatatu na Alhamisi, yakitaka. Kila mtu anaishi kwa tangi lake, na kumwaga tangi ni jambo ambalo mtu halisemi mbele ya mkewe. Chini ya tangi lile, kiasi cha kiganja kutoka sakafuni mwake, palikuwa na tundu moja la zamani, lililokuwa linalisha nyumba nzima pamoja na pipa la maji moto. Siku ya kutoboa tundu la pili ilikuwa Jumatano. Maji ndani yalikuwa yamefika chini ya nusu, na ya Alhamisi hayana uhakika.

"Ukiyamwaga hayo," mkewe akamwita kutoka chini, "uniage kabisa, nikajue moja."

"Siyamwagi."

Mimi nilikuwa nimeshika ngazi. Nilimwona akiinama ndani ya mfuniko, akapima kwa mkono, akatoka, akaweka alama ya chaki katikati ya tangi, juu kidogo ya usawa wa maji.

"Mbona juu hivyo?" nikamuuliza.

"Nikitoboa chini yatatoka yote."

"Basi hapo panatosha," nikasema, kana kwamba nilijua kitu.

Akatoboa. Akafunga nati, washa ya mpira, ile pete ya kuzuia kuvuja, ndani na nje, akalishusha bomba la bluu mpaka bafuni. Hakumwaga hata kikombe. Mkewe alimpikia vizuri usiku huo.

Ni lazima nieleze jambo moja la hospitalini, maana kosa lilianzia huko, ingawa halikutendeka huko. Matangi ya hospitali yana kisima chake na boya lake. Yakishuka kidogo tu, mashine inajaza. Kwa miaka kumi na tisa Sisimizi hakuwahi kuona tangi la boila likikaa nusu. Kule tundu likiwa juu au chini ni yale yale, kwa sababu maji yako kila mahali siku zote. Alitoboa kwa woga wa mtu wa mtaani kwetu na kwa akili ya mtu wa hospitalini, na vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwake.

Alhamisi maji yakaja, tangi likajaa. Ijumaa akawasha pampu. Maji yalishuka mengi, mazito, ya vuguvugu, ukigeuza kitufe yanakuwa moto, ukirudisha yanapoa. Alioga mara tatu siku hiyo. Mkewe akaoga, akatoka na taulo kichwani akiimba.

Lakini yeye hakutulia. Alikuja kwangu, akasimama mlangoni.

"Kuna kitu," akasema.

"Kinavuja?"

"Hakivuji. Kuna kitu, sijui nini."

"Kuna kitu, ndiyo," mkewe akadakia kutoka upande wa pili wa ukuta. "Ni wewe!"

Matroni alifika Jumamosi na begi moja na kiti chake cha plastiki cha kuogea, kimechorwa jina lake kwa rangi ya kucha. Alikagua bafu kama zamani alivyokagua vitanda. Alishika mkono wa chuma wa kujishikilia, uliofungwa ukutani, akauvuta kwa uzito wake wote. Akachomoa kichwa cha shawa kwenye kishikio, akakipima mkononi kama anayenunua samaki. Kisha akafunga mlango.

Dakika arobaini. Alipotoka alikuwa amevaa kila kitu mpaka hereni.

"Mdogo wangu," akasema, "hii si shawa. Hii ni mvua iliyofundishwa adabu."

Mkewe Sisimizi alilia kidogo, akasingizia uzi umemwingia jichoni. Kwa miezi minne mama yule alikuwa amepanguswa kwa kitambaa na wauguzi.

Jumapili akaoga. Jumatatu akaoga, mara mbili. Kila akiingia, Sisimizi kama yupo nyumbani alikuwa kwenye ujia, mgongo ukutani.

"Nani huyo anapumua mlangoni?"

"Ni mimi, dada."

"Unataka nini?"

"Naangalia swichi."

"Kwani swichi imekimbilia wapi?"

Akawa anaondoka hatua nne, anarudi. Akiwa kazini alipiga simu nyumbani saa nne, saa sita, saa nane. Mkewe alikuwa na mapazia ya mteja ya kufua na kukunja pindo, akachoka. "Anaoga, anakula, anatutukana," akamjibu. "Unataka nikuletee cheti?" Sisimizi alibadilisha washa ya koki ya jikoni ambayo ilikuwa nzima. Alipanda mnarani kuangalia nati, akashuka, akapanda tena. Nati ilikuwa kavu. Alikuwa anatafuta mahali panapovuja, na hapakuwa na mahali panapovuja.

Jumatatu hiyo maji ya mtaa hayakuja. Bomba kubwa lilikuwa limepasuka njia panda, na mafundi wa maji walilizunguka siku nzima wakilitazama. Mapazia yale yakafuliwa na kusuuzwa mara tatu. Tangi likawa linashuka. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kwetu tangi kushuka ni kama jua kushuka.

Jumatano Sisimizi aliomba ruhusa akarudi mapema. Saa kumi Matroni akaingia kuoga. Yeye akakaa kwenye ujia kwenye kigoda, na kikombe cha chai. Mkewe anaapa kwamba alikuwa amekaa kweli.

Pampu ilikuwa inavuma. Kisha ikakohoa. Ikakohoa tena, ikaanza kuvuma kwa sauti nyembamba zaidi, kama mtu anayenyonya mrija kwenye glasi iliyokwisha. Sauti hiyo aliijua. Pampu ya chumba cha kufulia iliwahi kuitoa siku mtu alipofunga vali ya upande mmoja. Kikombe kikaanguka. Akashika bomba la bluu ukutani, halikuwa linatetemeka. Akashika jekundu, likamuunguza kiganja. Akapiga swichi.

"Nani amezima?" Matroni akafoka. "Nina sabuni machoni!"

"Dada, weka hicho chini! Usijimwagie! Dada!"

"Nijimwagie nini na maji umezima? Una wazimu?"

"Mke wangu, ingia! Ingia haraka!"

Mkewe akaingia. Bafu lilikuwa limejaa mvuke. Matroni alikuwa kwenye kiti, macho ameyafumba kwa sabuni, kichwa cha shawa mkono wa kulia, amekielekeza kwenye goti la kushoto. Kutoka goti mpaka kifundo ngozi ilikuwa imeiva, nyekundu, na yeye hakuwa na habari.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona umenyamaza, wifi?"

Waliumwagilia mguu maji baridi ya ndoo kwa dakika ishirini, mke wa Sisimizi akihesabu kwa saa ya cherehanini. Muuguzi jirani wa mtaa wa pili akaja, akasema kuzimwa haraka kwa pampu ndiko kulikouokoa mguu. Malengelenge mawili madogo yakatokea, akayafunga, akaagiza mguu usilowe kwa siku kadhaa. Matroni alimtazama akifunga bandeji kama anayetazama mguu wa mtu mwingine.

Jua lilikuwa bado lipo Sisimizi alipopanda mnarani. Alifungua mfuniko. Maji yalikuwa vidole vinne chini ya tundu lake. Alikaa juu pale muda mrefu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyomwona amekaa hivyo. Aliposhuka akaenda moja kwa moja sebuleni, akasimama mbele ya dada yake.

"Ni tundu langu," akasema. "Baridi nimeitoa katikati. Moto unalishwa kutoka chini. Maji yakishuka nusu, baridi inakatika. Moto unabaki peke yake."

"Ulijua?"

"Nilijua tundu liko wapi. Sikuwaza."

"Ulijua lakini hukuwaza. Wasichana wangu walikuwa wakiniambia hivyo hivyo."

"Mchuma janga hula na wa kwao, dada. Nisamehe."

"Wewe umechuma vizuri," Matroni akasema. "Mimi ndiye niliyekula."

Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Sisimizi kuliko kufokewa. Mkewe akajaribu kulainisha. Akasema beseni lipo, kiti kipo, kwa siku hizi chache atamsaidia, hata mgongo tu. Matroni akauliza begi lake liliwekwa wapi. Jumapili angerudi ghorofani kwake. Alhamisi asubuhi begi lilikuwa kitandani, limefunguliwa, nguo mbili zimeshaingia.

Alhamisi hiyo hiyo maji yakaja, kwa kishindo, tangi likajaa mpaka likafurika. Na Ijumaa saa mbili asubuhi Sisimizi alikuwa chini ya mnara na spana, hakwenda kazini.

"Unafanya nini?" mkewe akamuuliza.

"Namwaga."

"Leo? Limejaa jana tu!"

"Tundu la chini liwe la baridi. La moto nilitoboe juu yake. Siwezi bila kuingia ndani."

Nilikuwa nimesimama upande wangu wa ukuta nikisubiri kelele. Mwanamke yule alitazama tangi, akatazama dirisha la chumba cha wifi yake. Kisha akavuta kitambaa kichwani akakifunga upya.

"Maji ukiyavulia nguo, yaoge," akasema. "Lakini tone halimwagiki chini. Jirani! Leta ndoo!"

Nilileta ndoo tatu na beseni. Habari ikatembea haraka kuliko maji yenyewe. Foleni ikafika barabarani, madumu, sufuria, mtu mmoja na kikapu cha takataka kilichooshwa. "Sisimizi amegombea udiwani?" mmoja akauliza. "Bado," mwingine akajibu, "anamwaga sera kwanza." Mkewe ndiye aliyeshika mpira, akijaza na kukariri nani amechukua ngapi, kwa sababu nusu ilikuwa ya kurudishwa.

Matroni alitoka na fimbo yake, akawekewa kiti uani. Sisimizi alipoingia ndani ya tangi, mwembamba alivyo, alipita kwenye mfuniko kama uzi kwenye sindano. Sauti yake ikawa inatoka humo nzito kama ya redio.

"Wewe humo ndani," Matroni akamwita. "Nieleze unachofanya."

"Naziba tundu la katikati."

"Sawa. Halafu?"

"La chini naliunganisha na bomba la bluu. Baridi. Halafu natoboa jipya, shibiri moja juu yake, la kulisha pipa la moto."

"Kwa hiyo maji yakipungua, kitakufa nini kwanza?"

"Moto."

"Sikusikia."

"Moto utakufa kwanza! Kwenye pipa hakuna kinachoingia, kwa hiyo hakuna kinachotoka. Baridi inabaki mpaka mwisho."

"Rudia tena, polepole."

Akarudia. Watu wenye ndoo wakawa wanasikiliza, wengine wakitikisa kichwa kama wameelewa. Alipotoka juu, magoti yamechubuka na nywele zimejaa unga wa plastiki, dada yake alikuwa ameshaingia ndani.

Jumamosi asubuhi wenye maji ya kurudisha wakarudisha. Mimi nilirudisha ndoo mbili kati ya tatu, ya tatu ilikuwa imeshafua mashati. Tangi likafika robo hivi, na robo ndiyo iliyofaa kwa majaribio. Sisimizi aliwasha pampu, akaweka mkono chini ya shawa, akayaacha maji yashuke kwenye ndoo huku mimi nikiwa mnarani nikimwambia usawa. Maji yalipopita tundu la moto, alipiga kelele. Nikadhani ameungua. Alikuwa anacheka, maji yamekuwa baridi kama ya mtungi. Tukapandisha ndoo juu, tukajaribu tena. Na tena. Mara ya nne Matroni akatokea kwenye ujia, taulo begani, mfuko wa plastiki umefungwa juu ya bandeji kwa kamba mbili.

"Umejaribu mara ngapi?"

"Nne, dada. Nataka ya tano."

"Ya tano ni yangu. Wewe siye mwogaji."

"Tangi liko chini. Subiri Jumatatu lijae."

"Likiwa limejaa nitaogopa nini? Ninataka nioge likiwa chini."

Akamweleza utaratibu wake, kwamba maji atayapima kwanza kwa paja la kulia, na mguu wa kushoto utakuwa nje ya maji. Sisimizi akasema sawa. Akaegemea ukuta, mkono karibu na swichi. Matroni alikuwa ameshika mlango, hakuufunga.

"Toka hapo," akasema.

"Nasimama tu, dada. Sitasema kitu."

"Nimesimama kwenye milango ya mabafu miaka ishirini na sita, najua kusimama ni nini. Mtu akisimama mlangoni, ameniogesha. Kama ni hivyo heri wifi aje na beseni, tumalize."

"Na pampu ikikohoa?"

"Itakohoa, nitaisikia. Sikio langu ni zima. Toka nje ya nyumba."

Sisimizi alimtazama mkewe. Mkewe akanyoosha kidole kwenye geti.

Akaja kwangu. Nilimvutia kiti, hakukiona. Alitembea kutoka kwenye ukuta mpaka kwenye kamba ya nguo, akarudi. Kutoka upande wa pili pampu ikaanza kuvuma. Aliniuliza saa. Nikamwambia saa tano na dakika kumi. Akatembea. Akashika koki yangu ya uani, akaifungua, akaifunga, akasema washa imechoka. Akaniuliza saa.

"Saa tano na dakika kumi na mbili."

"Saa yako inakwenda?"

Mara mbili alifika getini. Mara ya pili mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Aliliachia mwenyewe. Alirudi akaipindua ndoo yangu, akakanyaga juu yake ili aone dirisha dogo la bafu, akajikumbuka, akashuka uso umemwiva. "Si kuchungulia," akaniambia. "Mvuke. Nilitaka kuona kama kuna mvuke."

"Najua."

Pampu ikanyamaza. Hatukujua nani ameizima wala kwa nini. Alisimama katikati ya ua wangu mikono imening'inia. Pakawa kimya muda wa kutosha mtu kuvaa, au muda wa kutosha mtu kuanguka, na yeye hakwenda.

Kisha mlango wa nyuma wa kwao ukafunguliwa, na fimbo ikasikika kwenye saruji. Tukatoka getini, tukazunguka. Matroni alikuwa amekaa uani, amevaa kila kitu, anajipaka mafuta mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mfuko wa plastiki ulikuwa mkavu.

"Imekuwaje?" Sisimizi akauliza.

"Moto uliisha nikiwa sijamaliza mgongo."

"Ukafanyaje?"

"Nikapiga yowe kidogo, nikajisuuza kwa baridi, nikatoka nikazima swichi. Ulitaka nifanyeje?" Akamgeukia wifi yake, aliyekuwa mlangoni na pini mdomoni. "Wifi, nipe msumari wa kutundikia taulo langu. Wangu peke yangu. Kwenye ule wa zamani mnatundika mwiko, sijui wa nini, na siulizi."

Mkewe akatoa pini mdomoni ili acheke. Nilipogeuka kumtafuta Sisimizi, alikuwa ameshafika katikati ya ngazi ya mnara, anakwenda kuangalia maji yamebaki kiasi gani.

"Msumari, wewe!" dada yake akamwita. "Nimesema msumari!"

"Nakuja," akajibu kutoka juu, na akaendelea kupanda.